Ng'ombe wa Kipimo

Vijana wanaosoma mambo ya kompyuta siku hizi hunijia na hesabu zao. Mkopo wa chuo ni huu, mshahara wa kuanzia ni ule, je, inalipa? Huwasikiliza mpaka mwisho, kisha huwaambia kwamba mkopo wangu mimi ulikuwa na kwato nne na mkia, na ulizaa kila ulipopata nafasi. Wanacheka. Wanadhani bibi anawatania.

Siwatanii hata kidogo. Mwaka wa sabini na sita nilikwenda kusomea ufundi wa elektroniki kwa ng'ombe wa kukopa. Leo wangeyapa masomo yale jina kubwa zaidi, uhandisi wa hiki na teknolojia ya kile. Wakati ule watu waliyaita ufundi wa redio, na kompyuta tuliiona kwenye picha tu, kabati kubwa kama la nguo. Mwalimu alituambia kwamba ndani yake mna vitu vile vile tunavyovilehemu sisi, isipokuwa ni vingi zaidi. Nilitoka darasani siku ile nimejaa kiburi, kana kwamba kabati lile nimelitengeneza mimi. Kiburi hicho sijakitua mpaka leo, na wala sina mpango wa kukitua.

Baba yangu alitoka Singida akiwa kijana, akaja Karatu kufanya kazi kwenye mashamba ya kahawa. Mimi na wadogo zangu tulizaliwa kwenye laini za wafanyakazi, chumba kimoja, ukuta mmoja na jirani, mpaka watu walipopangwa vijijini na sisi tukapata kiwanja na eka mbili za mahindi. Mali hatukuwa nayo. Baba alikuwa na kitu kimoja tu cha kujivunia, nacho ni jicho lake la ng'ombe. Yeye mwenyewe hakuwa na hata ndama, lakini siku ya mnada alizunguka uwanja mzima akiwachambua ng'ombe wa watu: huyu ana minyoo, huyu atatoa maziwa, huyu amenyweshwa maji asubuhi ili aonekane mnene. Wengine walimwita ili wamsikilize. Wengine walimcheka, manamba asiye na ng'ombe akiwafundisha wenye ng'ombe. Hakujali.

Nilipomaliza kidato cha nne nilipata nafasi kwenye chuo kimoja cha ufundi huko Moshi. Masomo yalikuwa ya miaka mitatu, lakini nafasi yenyewe ilikuwa ya kulipia. Ada ilikuwa kubwa kuliko fedha yoyote iliyowahi kupita mikononi mwa baba. Mama alisema basi, niombe ualimu, ambao serikali ilikuwa inasomesha bure. Mimi nikanuna wiki nzima. Nilikuwa bingwa wa kununa, sikatai. Nilichota maji nimenuna, nikapika nimenuna, na mama akasema chakula chenyewe sasa kina ladha ya kununa.

Aliyeniokoa ni fundi mmoja aliyekuwa akitengeneza redio za mawasiliano kwenye hoteli za juu, kule ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Alizoea kusimamisha gari kwetu kununua mayai. Baba alimwuliza bila kuzunguka, "Bwana fundi, samahani, kwa mwezi unapata ngapi?" Yule bwana akataja. Baba akahesabu kwa vidole, akaona kwamba mshahara wa mwezi mmoja wa fundi unanunua mtamba, yaani ng'ombe jike ambaye hajazaa, na bado inabaki chenji ya sukari. Jioni ile alituketisha wote akatupa hesabu yake. Anatoka mtamba mmoja leo. Baada ya miaka mitatu anarudi mtamba mmoja kila mwezi.

"Nani mwenye akili zake atakataa?" aliuliza, ingawa hakuna aliyekuwa amekataa isipokuwa mama, na mama alikuwa jikoni.

Jirani yetu wa upande wa juu alikuwa mzee wa Kiiraqw mwenye ng'ombe wengi. Kwa wenyeji wa pale ipo desturi ya zamani ya kumpa mtu ng'ombe amtunze. Maziwa na samadi ni vya mtunzaji, ndama ni wa mwenye ng'ombe, na mnyama akifa mtunzaji hupeleka ngozi iwe ushahidi, asije akasema amekufa kumbe amemwuza. Baba alikwenda kwa mzee huyo kukopa mtamba, mimi nikimfuata nyuma na gauni langu la kanisani. Mzee alitusikiliza, akatutolea mitamba wawili, ndugu wa mama mmoja.

"Mmoja utamwuza, umsomeshe binti," alisema. "Wa pili utakwenda naye kwako, umtunze kama tunavyotunziana sisi. Ila sikiliza vizuri, jirani. Huyo wa kuuzwa naye angezaa. Mimi nitajuaje angezaa wangapi? Nitamwangalia ndugu yake. Akizaa huyu, na yule amezaa. Akifa huyu, na yule amekufa. Siku ya kulipa utanirudishia huyu na uzao wake wote, na juu yake utaniletea wengine idadi ile ile, kwa ajili ya yule aliyeuzwa. Mkubwa kwa mkubwa, ndama kwa ndama. Na kabla ya siku hiyo usinirudishie hata mmoja, sina wachungaji."

"Na nani anachagua wa kuuzwa?" baba aliuliza.

"Chagua wewe. Si wewe mwenye jicho?"

Baba akawazunguka. Mmoja alikuwa mwekundu, mnene, ngozi inang'aa. Mwingine alikuwa wa kijivu, mbavu nje, amesimama kama mtu aliyeamka na homa. Baba aliwashika nyonga, akawainua mikia, akawatazama macho, akachukua muda mrefu mpaka nikaona aibu. Mwishoni akasema atauza yule mnene, na huyu mwembamba ndiye awe kipimo.

Tulipofika mbali kidogo, tukimswaga yule wa kijivu, baba alianza kucheka peke yake. "Umeona nyonga zake?" aliniambia. "Huyu hazai. Hata akiombewa na askofu, hazai. Tutamrudisha yeye na mwenzake mmoja, tumemaliza." Nikamtazama baba yangu, nikaamini kwamba hakuna mtu mjanja kama yeye kutoka Karatu mpaka Singida.

Yule mnene akauzwa mnadani kwa bei nzuri. Mimi nikaenda Moshi na godoro na sanduku la vifaa, msichana pekee katika darasa la watu ishirini na kitu. Wiki ya kwanza kijana mmoja aliniuliza kama nimekosea mlango, darasa la ushonaji liko upande wa pili. Nikamwambia ashike chuma chake cha kulehemu vizuri, kwa sababu ameshika upande wa moto. Alikuwa kweli ameushika. Hatukuwa marafiki kwa muhula mzima.

Barua za nyumbani ziliandikwa na karani wa shambani, kwa kuwa baba alijua kusoma kidogo na kuandika hakujua. Zilikuwa fupi. Kabla mwaka wa kwanza haujaisha ikaja moja: salamu nyingi, sisi hatujambo, mvua ni nzuri, ng'ombe amezaa, jike. Wenzangu bwenini walinipongeza kwa sababu kwao ng'ombe akizaa ni furaha. Mimi nikakaa kitandani nikageuza daftari la saketi, nikaandika nyuma: wawili. Mwaka uliofuata ikaja nyingine. Amezaa tena, jike tena, Mungu ni mwema. Nikaandika: watatu.

Lililonichoma zaidi ni kwamba baba alikuwa anajisifu. Hata kwa mwandiko wa karani nilimsikia. Ng'ombe amenenepa. Ng'ombe anatoa maziwa mpaka wadogo zako wanayabakiza. Njoo umwone ng'ombe. Mtu amekosea hesabu ya maisha yake kwa macho yake mwenyewe, badala ya kujificha anapeleka habari kwa posta!

Na upande wa mapato nao ulikuwa unaanguka. Mpaka wa Kenya ulifungwa, na watalii waliokuwa wakija Ngorongoro kwa njia ile wakakauka. Nilipokuja likizo Karatu nilikuta barabara kimya, na wale vijana waliojua kusema karibu sana kwa lugha tano wamerudi kulima maharage. Yule fundi wa mayai hakuonekana tena. Nilikuwa nasomea kazi ambayo ilikuwa inafungwa mlango mmoja baada ya mwingine, huku deni langu likila majani na kunenepa. Nililia, nasema kweli. Nililia bafuni, nikanawa, nikarudi kwenye mazoezi ya transista.

Nilimaliza wa pili darasani. Wengi wa wenzangu walikimbilia Dar es Salaam. Mimi nilipata kazi ya serikali huku huku, kutunza redio za mawasiliano za zahanati na ofisi za kata, Kakesio, Sale, Enguserosambu, popote gari la ofisi lilipoweza kufika. Mshahara wa kwanza niliupeleka nyumbani wote katika bahasha, nikamkabidhi baba kwa mikono miwili. Akauhesabu mara mbili. Akaniuliza kama umekatwa. Haukuwa umekatwa. Kila kitu kilikuwa kimepanda na ng'ombe wamepanda zaidi. Kwa fedha ile mtamba mmoja alihitaji miezi mitatu, kama mimi ningeweza kuishi miezi mitatu bila kula.

Nilipotazama boma siku ile ndipo nilipoelewa vizuri tulipo. Walikuwa watano. Yule mwembamba, ambaye hakuwa mwembamba tena, alikuwa na binti wawili na dume dogo, na binti wa kwanza naye alikuwa amezaa. Baba alikuwa ameacha kazi shambani kwa sababu ya goti. Magunia ya kahawa ya miaka ishirini yalikuwa yamelimaliza, lilikuwa limevimba kama kibuyu. Na kwa goti hilo alipanda mlima kila asubuhi katika ukungu wa Karatu, ule unaoloanisha nguo bila mvua, akiwachunga ng'ombe wa mtu mwingine ambao hakuruhusiwa kuwarudisha mpaka alipe. Kila ndama aliyezaliwa aliongeza safari. Nikaapa kwamba nitamtoa mlimani kabla goti halijamtoa. Hilo ndilo nililolitaka, wala si kitu kingine chochote. Mchumba aliyekuja wakati ule nilimwambia asubiri, naye akasema hasubiri ng'ombe, akaenda.

Siku moja nikiwa nyumbani, mchana, yule ng'ombe wa kipimo alianza kuzaa na ndama akakwama. Alilala ubavu, anakoroma, miguu miwili ya ndama nje na kichwa hakitoki. Baba alivua shati, akapaka mkono mafuta ya kupikia ya mama, akapiga lile goti bovu chini kwenye samadi, akaingiza mkono mpaka begani. Nilisimama pale nikiwaza jambo ambalo naona haya kulisema. Niliwaza: akifa huyu, na yule amekufa. Tungepeleka ngozi moja juu kwa mzee, na deni lingepungua wakubwa wawili kwa siku moja. Sheria ilikuwa upande wetu. Baba hakuhitaji kufanya lolote, alihitaji tu kuchoka.

Alivuta karibu saa nzima. Ndama akatoka, jike, baba akampuliza puani na kumsugua kwa majani makavu mpaka akapiga chafya.

"Baba," nilisema, na sauti yangu ilikuwa ya ukali, "unajua umefanya nini? Hao ni wawili, huyu na wa kumlipia. Ungemwacha tu!"

Alinitazama kana kwamba nimezungumza Kijerumani. "Ng'ombe ana deni gani yeye?" alisema. "Anaumwa. Niletee maji."

Nikaleta maji. Nilikuwa na hasira mpaka nusu ya maji nikayamwaga njiani, lakini ndani ya hasira ile kulikuwa na kitu kingine, na nilikijua. Nilikuwa najivunia mtu yule mwenye damu mpaka begani, na ilinikera kwamba najivunia.

Mlango ulifunguka Kakesio. Nilikwenda kutengeneza redio ya zahanati, gari likaharibika, tukasubiri kipuri siku nne. Siku ya pili mama mmoja wa Kimaasai, mama mtu mzima mwenye boma kubwa, alikuja na redio ndogo ya transista iliyofungwa kwenye ngozi ya ndama. Nikamwamkia, "Takwenya." Akaitikia "Iko," akaiweka redio mapajani mwangu kama mtu anayemleta mtoto kliniki.

"Imekufa," alisema. "Mzee wangu ananuna. Tangu imekufa hasemi na mtu."

Umeme haukuwepo. Nilipasha chuma cha kulehemu kwenye mkaa wa jiko, nikakwangua chumvi ya betri zilizovuja, nikaunganisha waya, nikachonga kipande cha pembe kuwa kitufe cha kutafutia stesheni kwa kuwa cha zamani kilipotea. Betri madukani hazikuwepo mwaka ule, kama ilivyokuwa sukari na sabuni, kwa hiyo nilikusanya za tochi zilizochoka za zahanati nzima, nikaziunganisha nane ndani ya boksi la mbao. Nane dhaifu zilitosha kufanya kazi ya nne nzima. Redio ikakohoa, kisha ikasema habari. Yule mama alipiga kofi moja kubwa, akaondoka bila kuaga. Nikadhani ameniibia mchana kweupe. Baada ya saa moja akarudi na mbuzi jike.

Nilikaa nikimtazama yule mbuzi. Miaka yote mitatu nilikuwa nimepiga hesabu ya shilingi dhidi ya ng'ombe, na shilingi zilikuwa zinashindwa kila mwezi. Haikuwa imenijia akilini kwamba elimu yangu inaweza kulipwa kwa kitu kinachozaa. Mbuzi anaongezeka, mshahara hauongezeki. Kama deni linazaa, basi na mimi nitakusanya malipo yanayozaa.

Mkubwa wangu wa kazi alikubali nifanye kazi za watu Jumapili, mradi nisitumie vifaa vya serikali, na sikutumia hata waya mmoja. Yule mama alikubali kunitunzia mbuzi wangu bomani kwake, maziwa yawe yake, watoto wa mbuzi wawe wangu, kama mzee wa Karatu alivyomtunzisha baba. Jina la fundi mwanamke likatembea. Huko Enguserosambu wazee walikuja kunitazama kwanza kabla ya kutoa redio, wakaniuliza kama nina kaka aliyenifundisha. Niliwaambia kaka za watu ndio wanaokuja kwangu redio zao zikiharibika. Walicheka wakazitoa, sita kwa mpigo, moja ikiwa na mende wa familia tatu ndani. Nilikuwa mzuri katika kazi ile. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli. Niliweza kusikia kasoro kabla sijafungua skrubu.

Ilichukua karibu miaka mitatu. Mbuzi wakazaa, nikabadilisha mbuzi kwa mitamba, mitamba wakapata ndama, mpaka nikawa na idadi na umri sawa na waliokuwa bomani kwa baba. Sita. Dume lilikuwa limekufa kwa ndigana, ugonjwa wa kupe, na ngozi yake ikapelekwa, lakini binti wa kwanza alikuwa amezaa tena. Baba akapatana na mzee siku ya malipo, sita kwa sita, nami nikapata kibali cha bwana mifugo, na vijana wawili wa yule mama wakawaswaga ng'ombe wangu kutoka Kakesio mpaka Karatu kwa miguu. Nilipowaona wakiteremka kuelekea kwetu, sita, wote wazima, nilikimbia barabarani na ovaroli langu nikipiga vigelegele peke yangu.

Baba alinisubiri mlangoni. Uso wake haukuwa wa sherehe.

"Amezaa jana," alisema. "Yule binti wa pili. Ni saba."

Mzee wa juu alikuja mwenyewe kuona, akasikia, akapunga mkono. "Tulipatana sita, jirani. Huyo wa jana simhesabu."

"Amezaliwa kwangu kabla sijalipa," baba akajibu. "Ni saba."

Hapo nikalipuka. Nilisema yote. Nilisema kuhusu goti, kuhusu ukungu, kuhusu mchumba, kuhusu Jumapili zangu zote za moshi wa mkaa. Nilimwambia mdai amesema sita na wewe mdaiwa unasema saba, baba, ulishasikia wapi mambo hayo? Majirani walitoka kusikiliza. Mama akanivuta mkono na nikauchomoa.

Baba alingoja nimalize. Kisha alimgeukia mzee, si mimi.

"Mzee, siku ile nilimchagua huyu kwa sababu nilimwona tasa. Nilitaka kukupunja. Nimekaa na jambo hilo miaka sita, kila akizaa linanisuta. Usinipunguzie. Nikipunguziwa, nitakuwa nimekupunja kweli."

Mzee alimtazama, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akaishika nguzo ya boma. "Nilijua," alisema. "Nilikuona unavyomshika nyonga. Mama yao alikuwa hivyo hivyo, mifupa mitupu. Alinizalia tisa. Ungeniuliza ningekuambia, ila mwenye jicho hakuuliza!"

Hata baba alicheka. Watu wote walicheka isipokuwa mimi, niliyekuwa bado natafuta ndama wa saba kichwani. Lakini mzee alipotaka tena kusema sita, baba akatikisa kichwa, na mzee akaona, akaiacha saba iwe saba. Nadhani aliheshimu. Siku ya malipo ikasogezwa.

Miezi miwili mingine. Ng'ombe kumi na tatu, goti moja zima. Nilikula uji asubuhi na uji jioni, nikauza saa yangu ya mkononi, nikatengeneza redio mpaka vidole vikawa na malengelenge ya chuma, na katika mnada wa mwezi wa pili nikanunua ndama jike. Baba ndiye aliyemchagua. Nilimkumbusha mara hii aulize kwanza kuhusu mama yake.

Tuliwapeleka Jumamosi asubuhi, kumi na wanne, saba wa kipimo na saba wa kulipia. Baba alitangulia akichechemea, kofia kichwani, na mimi nilifunga msafara na ovaroli langu la kazi nililolifua na kulipiga pasi. Watu waliojua kwamba tulitoka kwenye laini walisimama kwenye mashamba yao wakatazama. Hakuna aliyecheka. Mzee akawahesabu kwa fimbo, wakubwa kwa wakubwa, ndama kwa ndama, akasema deni limekwisha, akatubariki kwa Kiiraqw, maneno marefu ambayo baba aliyaitikia yote. Mimi nilikuwa natazama mgongo wa baba. Sijawahi kuuona umenyooka vile, si kabla wala baada.

Na kama unataka hesabu, hii hapa. Mtamba mmoja, akiachwa azae, kwa miaka sita alifika saba. Mimi nami, na cheti changu na miaka mitatu ya chuo, kwa miaka hiyo hiyo sita nilizalisha saba, na saa ya mkononi niliipoteza. Kwa hesabu tupu mimi na yule ng'ombe tulitoka sare. Vijana wangu wa kompyuta hawapendi nikifika hapo, wanataka niwaambie kwamba elimu ililipa mara kumi. Ililipa baadaye, mpaka wa Kenya ulipofunguliwa, hoteli zikajaa, na fundi wa redio akatafutwa kwa tochi. Lakini wakati ule hatukujua hayo.

Tulichojua ni kwamba boma lilikuwa tupu. Wadogo zangu walikunywa chai ya rangi wakanitazama kwa lawama. Baba aliamka alfajiri kwa mazoea, akachukua fimbo, akafika kwenye lango, akakumbuka, akaketi kwenye kigogo. Goti lilianza kupona, lakini mikono ilikosa kazi. Mama alisema anazunguka nyumba kama mgeni aliyekosa basi.

Wiki ya tatu nilirudi kutoka safari ya kazi na mbuzi jike mwenye mimba, malipo ya redio mbili za Enguserosambu. Nilimshusha kwenye gari nikamwingiza bomani. Baba alikuja, akamzunguka, akamshika nyonga, akamtazama macho na meno. Kwa miaka sita kila mnyama aliyepita mikononi mwake alikuwa wa mtu mwingine.

"Mzuri," alisema. "Wa nani?"

"Wako, baba."

Aliendelea kumpapasa mgongo kwa muda, hakuniangalia.

"Umesema wa nani?"

Alikuwa amesikia. Nikamwambia tena.